Kengele Kutoka Choma

Kengele ile ya ng'ombe, Mwalimu Mektilda aliitoa mwenyewe kwao Choma, kwenye msumari ilikotundikwa tangu baba yake auze maksai wa mwisho. Aliifunga kwenye khanga, akapanda nayo basi mpaka shule ya bweni ya Ipuli alikofundisha Kiingereza kidato cha kwanza. Wanafunzi wake walikuwa wamesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Sasa ghafla hesabu kwa Kiingereza, baiolojia kwa Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Walikaa darasani kama wageni waliokosea msiba.

Akawaketisha duara. "Anayeshika kengele ndiye mwenye baraza. Aipige, aseme sentensi moja ya Kiingereza. Neno likimkwama aulize kwa Kiswahili. Na Kiswahili kikimkwama, aulize kwa lugha ya kwao."

"Na mwenye Kiarabu cha babu yake, Mwalimu?" aliuliza Majidi, mropokaji wa darasa.

"Wewe hata hicho huna, kaa chini."

Wakacheka. Kengele ikazunguka. Wa mwisho kuipiga alikuwa Uwimana, binti wa Ulyankulu, ambaye nyumbani kwao wanasema Kirundi. Kwake Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Wiki nzima aliipokea na kuipitisha kimya. Kisha asubuhi moja akaipiga kwa nguvu, akatangaza kwa Kiingereza kwamba mvua inakuja. Nje jua lilikuwa linachoma mabati. Darasa likaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo alikuwa akiigombania.

Mkuu wa shule, Wenceslaus, aliisikia kutoka dirishani. Akamwita Mektilda ofisini.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Mwalimu, umeniokoa. Wazazi wananisumbua, watoto wanarudi likizo hawana hata sentensi. Sasa kengele yako itakuwa ya shule nzima. Atakayesema Kiswahili ataivaa shingoni mpaka amnase mwenzake."

"Mkuu, kwangu inampa mtoto ruhusa ya kusema."

"Na kwangu itamlazimisha. Si yale yale?"

"Watanyamaza."

"Watanyamaza Kiswahili," alisema Wenceslaus, akitabasamu. "Ndicho tunachotaka."

Msako ukaanza. Watoto walijifunza kuviziana bombani, kwenye foleni ya makande, nyuma ya milango ya mabweni. Majidi aliivaa mara moja, akamnasa mwenzake kabla ya chakula cha mchana, na tangu hapo hakuropoka tena. Alisikiliza tu, shingo kaikunja kama kunguru. Wiki zikapita na uwanja ukazidi kutulia. Wageni waliokuja kutembelea wakausifu utulivu ule. Wenceslaus akawasindikiza hadi getini kifua mbele.

Mektilda hakuupenda utulivu ule. Kule Choma, kengele ya maksai kiongozi ilipoacha kulia malishoni, baba yake hakuuliza kitu. Aliinuka, akachukua mkuki. Majanini palikuwa na jambo.

Kisha Uwimana akanaswa. Alikuwa akimbembeleza msichana aliyekuwa analilia kwao, na hakujua kubembeleza kwa Kiingereza. Kengele ikafungwa shingoni mwake. Yeye akakataa kumnasa mwingine. Siku zikapita, anaamka nayo, analala nayo. Mektilda aliivua kwa mkono wake; kesho yake, mbele ya mstari wa asubuhi, Mkuu akairudisha kwa kamba fupi zaidi.

"Amnase mwenzake, itatoka," alisema. "Njia ni nyepesi. Na wewe, Mwalimu, ukiigusa tena utatafuta shule nyingine."

Basi Mektilda akabaki kuisikiliza. Kengele ilikwenda bombani, ikarudi bwenini, ikaingia darasani. Angalau alijua binti yuko wapi.

Jumatatu moja, saa ya chai, kengele haikulia.

Mektilda aliacha madaftari, akakimbia bwenini. Uwimana alikuwa amejikunja sakafuni, magoti kifuani, jasho linamtiririka. Ndani ya kengele alikuwa ameshindilia soksi. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Pembeni alisimama Kulwa, aliyelala naye kitanda kimoja cha ghorofa.

"Anaumwa tangu lini?"

Kulwa akatazama mlango.

"Sema, mwanangu! Kwa lugha yoyote!"

Kulwa akajibu kwa Kiingereza kwamba hajui. Ndiyo sentensi pekee ambayo shule nzima ilikuwa imeimudu.

Hospitalini Wenceslaus alifika nyuma yao, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Mektilda alikuwa ameikata kamba ya kengele kwa wembe wa muuguzi. Daktari aliinama juu ya kitanda.

"Binti, lilianza lini? Hapa, au hapa? Ulikula nini? Niambie, nisipasue gizani."

Uwimana alimtazama daktari. Akamtazama Mkuu mlangoni. Midomo haikufunguka.

"Toka nje, Mkuu," alisema Mektilda.

Wenceslaus akatoka, lakini macho ya binti yalibaki pale pale mlangoni. Mkono wake ukapanda shingoni, ukaitafuta kengele. Hapo Mektilda akakumbuka duara, kicheko, mvua iliyotangazwa juani. Akaichomoa soksi, akaiweka kengele kwenye kiganja cha binti, akamfumba vidole.

"Una baraza, mwanangu. Sema chochote. Sema Kirundi."

Uwimana akavuta pumzi. Midomo ikaachana, neno lilikuwa pale, Mektilda aliliona. Lakini mkono ulikuwa unatetemeka, na kengele ikalia.

Binti akashtuka, akafumba mdomo, akaubana kwa meno mpaka damu ikatoka.

"Hatuwezi kungoja," alisema daktari. Wakasukuma kitanda kwenda chumba cha upasuaji, na hata mlio wa magurudumu ulipofifia mwisho wa korido, Mektilda aliendelea kuisikia kengele mkononi mwa Uwimana, mpaka nayo ikaacha kulia.