Lete Huo Mkataba

Kiilu, fundi viatu, alizijua ngazi za jengo la ofisi ya vibali vya biashara: arobaini na nane. Hakuwahi kukanyaga hata moja. Alizihesabu kila Januari akiwa mgongoni mwa Dalmas, soja wa mlangoni, kama gunia la makaa. Lifti ilikufa Pasaka, miaka minne iliyopita, na siku ya tatu haikufufuka.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya vibali. Bila sahihi yake kwenye kitabu cha ofisi, tena iliyotiwa "mbele ya afisa", kibanda chake kingeng'olewa kesho.

"Panda, mzee," Dalmas alisema, akiinama.

"Leo sipandi. Waambie washuke."

Dalmas akacheka, akaenda. Baada ya robo saa karani Jacklyne akachungulia kutoka ghorofa ya kwanza.

"Mzee, shida ni gani?"

"Shida ni ngazi, madam. Kenya iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu. Na Katiba, kifungu cha pili, inasema mkataba ukisharidhiwa ni sheria hapa hapa. Si huko Geneva."

"Mkataba?" Jacklyne akakunja uso. "Uko nao?"

"Uko na serikali."

"Serikali ndiyo mimi, na sijauona. Lete nakala mbili zikiwa na muhuri wa wakili. Nani alisign?"

"Kenya."

"Kenya nani?"

Akarudi zake juu. Kiilu akasukuma kiti chake cha magurudumu mpaka mguuni pa ngazi, akafunga breki, akatoa kiatu cha mteja, akaanza kushona.

Saa saba njaa ikawashusha makarani wote, Jacklyne akiwa mbele.

"Mzee, tupishe."

"Madam, sasa si niko mbele ya afisa?"

"Kitabu kiko juu!"

"Kitabu ni kilo moja. Mimi ni themanini."

"Leteni hiyo kitabu bwana, githeri inaisha!" mtu akapaza sauti huko nyuma.

Kitabu kikashuka mkono kwa mkono, ngazi zote arobaini na nane. Kiilu akatia sahihi. Jacklyne akaandika kibali, akakipiga muhuri juu ya goti lake, akampa.

Kiilu akakisoma mara mbili: *Cha muda, siku thelathini. Mwombaji bado hajaleta mkataba.*

Akakikunja, akakitia ndani ya kile kiatu, akafungua breki.

"Dalmas," alisema, "mwezi ujao pia usiiname."