Joto la Lundo

Kabla hajanawa uso, Shemeji alitia mkono ndani ya lundo la mboji nyuma ya chumba. Aliuzamisha hadi kwenye kiwiko, kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku anayeatamia, kisha akauchomoa haraka. Mvuke mweupe ulitoka pamoja na mkono, ukapanda taratibu mpaka juu ya ukuta wa mabati, ukapotea.

"Bado linachoma?" mamkwe wake aliuliza kutoka dirishani. Macho ya bibi huyo hayakuwa yakiona vizuri, na swali hili ndilo lilikuwa salamu yake ya kila asubuhi.

"Linachoma, mama."

"Mtu amekwenda, moto wake umebaki," mamkwe alisema, akafunga dirisha.

Mtaani hakuna aliyemwita Shemeji kwa jina lake. Mume wake alikuwa kaka wa kila mtu. Wenye maduka, mafundi, hata walinzi wa mageti walimwita Kaka, na yeye alipoolewa akawa shemeji wa mtaa mzima kwa mpigo. Kaka alikuwa mzoa taka za wafanyabiashara. Alianza na mkokoteni na neno moja tu: "Usinichanganyie." Mwenye mgahawa alitakiwa aweke maganda peke yake. Kinyozi nywele peke yake, seremala maranda peke yake. Chupa na makopo kando, hayo yana wanunuzi wake. Watu walicheka mwanzoni. Aliyechanganya aliukuta mfuko wake pale pale alipouacha, bila ugomvi, unanuka, na wateja wanaziba pua. Mwishowe mtaa ulizoea, kama mtoto anavyozoea kuvua viatu mlangoni.

Vile vinavyooza Kaka alivipeleka nyuma ya chumba chao cha kupanga. Kibichi, kikavu, nywele kidogo, maji kidogo, halafu anapindua kwa koleo ili hewa ipite. Shemeji aliishi na jambo hilo miaka mingi na hakulizoea hata siku moja. Maganda ni ya baridi. Nywele ni za baridi. Hakuna kiberiti wala kuni. Vikikutana tu, vinachemka. Alimuuliza mumewe sababu yake, naye akamjibu, "Humo ndani kuna wafanyakazi ambao hatuwaoni. Sisi kazi yetu ni kuwapa hewa."

Kaka alikufa kwa ugonjwa wa kifua, msimu wa baridi. Siku za msiba hakuna aliyelipindua lundo, na likapoa kabisa. Waombolezaji walipoondoka, Shemeji alichukua koleo akalipindua, hajui kama anapatia au anakosea, machozi yakidondoka humo humo. Asubuhi iliyofuata lilikuwa na joto. Alikaa chini kando yake mpaka mamkwe alipotoka kumtafuta kwa kupapasa ukuta. Tangu siku hiyo mkokoteni ukawa wake.

Sasa lundo lilikuwa limeiva. Mwenye bustani ya miche alikubali kulichukua lote mwisho wa wiki, na hapo ndipo kodi ya chumba ingetoka.

Asubuhi hii, mwenye mgahawa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, na ndoo za maganda hazikuwapo mahali pake. Juu ya mlango palikuwa pamebandikwa stika ya kijani yenye mishale mitatu inayofukuzana.

"Shemeji, usinilaumu," alisema yule mama. "Watu wa kampuni mpya ya taka walipita jana jioni. Kila biashara ijiunge na kampuni yao, la sivyo leseni hupati. Na ada yao, we acha tu. Nimeshapandisha bei ya chai, wateja wananitazama kama mwizi."

"Na maganda?"

"Wamebeba. Nami nilikuwa nimeyatenga vizuri, huku maganda, huku chupa, huku makopo. Jamaa akachukua vyote akavirusha mahali pamoja. Nikamwambia, we kijana, usimchanganyie. Akaniuliza, nani?"

Shemeji alicheka kidogo. Mwenye mgahawa naye akacheka, kisha kila mmoja akatazama upande wake.

Kwa seremala, stika ile ile. Mzee huyo alitazama huku na huku barabarani, akavuta gunia kutoka chini ya kitanda alichokuwa anakiunga.

"Chukua upesi," alisema. "Hebu ona, mtu mzima na mvi zangu, naficha maranda kama bangi."

Kwa kinyozi, mashine ilikuwa inanguruma juu ya kichwa cha mteja. "Shemeji, nywele zako ziko kwenye mfuko mlangoni," kinyozi alisema bila kugeuka. "Za juu kabisa ni za diwani, nimemnyoa sasa hivi. Zitie katikati ya lundo, angalau sehemu yake moja ifanye kazi."

Shemeji alikuwa anainua mfuko pikipiki ilipokuja kusimama karibu na mkokoteni. Aliyeiendesha alikuwa bwana afya wa halmashauri, kijana mwembamba mwenye kitambaa cha kuzibia pua tayari mkononi.

"Mama, nilikuwa nakutafuta."

"Nimepatikana."

"Lile lundo nyuma ya nyumba. Liondoke leo. Tipa la kampuni litapita kwako mchana."

"Linaondoka mwisho wa wiki. Mwenye bustani ya miche analichukua lote, tumeshakubaliana."

"Haliwezi kusubiri. Taka zote za biashara sasa ni za mkandarasi. Na zile za zamani pia."

"Ile si taka tena, baba. Njoo uishike mwenyewe."

"Niende nikashike taka?"

"Shika tu, kiongozi," kinyozi alisema kutoka ndani. "Utapona na mafua."

Mteja alicheka. Bwana afya hakucheka. Aliteremka kwenye pikipiki, akasogea karibu na Shemeji, akashusha sauti. "Mama yangu, mimi natumwa tu. Lisipoondoka lundo, naondoka mimi."

Shemeji alimtazama. Kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya, ule upande uliochakaa ukafichwa chini. Alimwamini, na hilo lilimuumiza zaidi, maana sasa hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Seremala aliyasikia yote kutoka upande wa pili wa barabara. Alifunga karakana yake, akaja kushika mkono mmoja wa mkokoteni.

"Sikio halizidi kichwa, Shemeji," alisema. "Lakini tipa hutalisubiri peke yako."

Tipa lilikuja likiwa limejaa nusu. Ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa TENGANISHA TAKA, OKOA DUNIA, na ndani yake nepi, vioo, mifuko ya plastiki na wali wa jana vilikuwa vimelala kitanda kimoja. Dereva alifunga vioo kwa sababu ya harufu, injini ikinguruma, simu sikioni. Hakushuka. Vibarua wawili waliruka chini na makoleo yao, wakalikata lundo ubavuni.

Mvuke ulitoka kwa kishindo, kama sufuria iliyofunuliwa. Wote wawili waliruka nyuma.

"Kuna moto humu," mmoja alisema.

"Hakuna moto," Shemeji alisema. "Endeleeni. Taratibu tu."

Kibarua alivua glovu yake, akasogeza kiganja mbele ya ule ubavu uliokatwa, kama mtu aliyetoka kwenye mvua anavyoota moto jikoni. Ndani palikuwa peusi, peusi kabisa, na katika weusi huo nyuzi nyeupe nyembamba zilitambaa kila upande. Harufu ilikuwa ya udongo uliolowa.

"Nani ameliwasha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Seremala ndiye aliyezungumza, naye hakumjibu kibarua.

"Shemeji, kuna kitu sikukuambia. Nilipokuwa naranda mbao za jeneza la Kaka, yale maranda sikuweza kuyatupa. Nilikuja kuyamwaga hapa, wewe ukiwa ndani na akina mama."

Shemeji alitazama. Hapakuwa na maranda. Hapakuwa na nywele, wala ganda, wala chochote kinachoweza kuitwa kwa jina lake la zamani. Kumbe alipokuwa akipindua siku ile, alikuwa akipindua na mbao hizo. Zilikuwa zimekuwa nyeusi pamoja na vingine vyote, na zilikuwa za moto. Miaka yote alidhani Kaka alichukia vitu kuchanganyika. Sasa aliona kwamba alitenganisha ili vinavyopatana vipate kukutana. Aliushika ukingo wa mkokoteni.

Vibarua walirudi kazini. Kila koleo liliruka likaangukia juu ya nepi na vioo. Yule aliyevua glovu alisema "samahani mama" kwa kila koleo alilorusha, mpaka kukabaki doa jeusi lenye unyevu, na tipa likajaa.

Mamkwe alikuwa amesimama mlangoni, kiganja kwenye ukuta. "Wamelichukua?"

"Wamelichukua, mama."

"Basi lisindikizeni."

Vibarua waliachwa hapo wasubiri tipa lirudi kwa ajili ya takataka za nyumba ya jirani. Shemeji alisukuma mkokoteni nyuma ya gari, seremala pembeni yake. Foleni ilikuwa ndefu na tipa lilikwenda mwendo wa kobe, hivyo haikuwa shida kulifuata. Lundo lilikuwa limepigwa na hewa tele, na hewa ndiyo chakula chake. Mvuke ulizidi, mzito, mweupe, ukapita juu ya mabango na nyaya za umeme. Kinyozi alitoka na aproni yake akaungana nao. Mwenye mgahawa alikuja akijifuta mikono. Watu waliokuwa wamekaa kwenye vibaraza vya maduka walisimama, mmoja baada ya mwingine, wala hakuna aliyewaambia wasimame.

Kwenye makutano ya barabara, mbele ya ofisi za halmashauri, mwenye gari lililokuwa nyuma alipiga honi akatoa kichwa nje. "Dereva, unaungua! Moshi huo!"

Dereva alitazama kioo cha pembeni. Mwaka uliopita gari moja la kampuni liliteketea njiani, na tangu hapo madereva walipewa amri moja ya kukariri: ukiona moshi, mwaga, okoa gari. Alivuta wenzo wa kumwagia mzigo. Sehemu ya nyuma ikainuka, na mzigo wote ukateleza ukalala katikati ya makutano. Dereva akaruka chini na mtungi wa kuzimia moto, akazunguka akitafuta ndimi za moto. Hakuziona. Alisimama na mtungi wake kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto asiyemjua.

Lundo lilifuka katikati ya lami. Madirisha ya ofisi yalifunguliwa, la kwanza, la pili, kisha yote. Magari yalikwama pande zote nne.

Bwana afya alitoka getini akikimbia. Alipiga simu kampuni, akasikiliza, akakata. Mashine ya kupakia ilikuwa dampo, nje ya mji, na njia yenyewe imeziba. Alimwona Shemeji.

"Mama, una mkokoteni. Una koleo. Nakuomba, lirudishe kwako. Lirudishe tu, mengine tutazungumza kesho."

Shemeji alilikaribia lundo. Nepi ilikuwa imechomoza kando. Aliichomoa akaiweka kushoto. Akaona kipande cha kioo, akakitoa, akakiweka kulia. Kisha mfuniko wa kopo.

"Koleo, mama. Tumia koleo."

"Nikitumia koleo nitabeba na nepi zenu."

"Si utachambua huko huko nyumbani?"

"Hapana, baba. Alivyochanganya mwingine, navitenga hapa hapa."

Seremala alichuchumaa upande wa pili, magoti yakilia. Kinyozi akachomeka pindo la aproni kiunoni. "Makopo nileteeni mimi," mwenye mgahawa alisema, akakaa kabisa juu ya lami, miguu mbele. Dereva aliwatazama kwa muda, akauweka mtungi chini, akavuta mfuko wa plastiki uliokuwa karibu na kiatu chake.

Honi zililia. Wenye magari ya mbele walishuka kuja kugomba. Walipofika karibu, joto liliwagusa usoni, na maneno waliyokuja nayo yakawaishia. Mwanamume mmoja mwenye tai alinyoosha kiganja juu ya ule weusi, akakirudisha, akakitazama. Katika geti la halmashauri, gari refu lenye bendera ndogo lilikuwa limekwama na taa zake zikiwaka. Kioo cha nyuma kilishuka nusu, kikapanda tena. Bwana afya alitazama juu kwenye madirisha ya wakubwa wake, akatazama chini.

Shemeji alijua kesho watarudi, na stika zao na tipa lao. Alijua pia kwamba kazi hii ikifanywa kwa haraka, kioo kimoja kitabaki, na kioo kimoja kinatosha kumkata mtu wa bustani. Kwa hiyo hakuharakisha. Alichambua kama anavyochambua mchele wa wageni, punje kwa punje, mvuke ukimpanda usoni, na barabara nne za mji zikasimama kumsubiri.