Picha ya Msiba Iliyouzwa

Bi Tak Sun-ye aliuza mablanketi katika soko la Gunsan tangu ujana wake. Wenzake walipoanza kupukutika, alimwita bintiye Gyeong-mi kutoka Seoul akamwambia anataka kupigwa picha ya msiba, ile ya kuwekwa mbele ya waombolezaji.

"Picha ya msiba na wewe mzima hivi, Mama?"

"Ndiyo hasa. Ukipigwa mapema unaishi sana. Tena sitaki yaliyomkuta Mama Bang wa hapa sokoni. Kafa, watu wanahangaika kutafuta picha, wakaipata ya harusi ya mpwa wake, yuko na kijiko mdomoni. Watu waliinama kumuaga huku wamebana vicheko."

Gyeong-mi alikuwa mpiga picha, ila si wa harusi wala wa vitambulisho. Kwa miaka mingi alipiga picha za viwanda vilivyofungwa na mabweni yaliyobaki matupu. Kwenye maonyesho watu walizisifu, wakanywa mvinyo wa bure, wakaenda zao. Siku hiyo alitoa kamera yake kubwa ya filamu, akamketisha mama katikati ya marundo ya mablanketi. Bi Tak alikuwa amevaa hanbok, vazi lake la jadi la kijani, nywele kazipaka rangi. Muuza soksi wa jirani akapaza sauti: "Jamani, bibi harusi! Bwana umemficha wapi?" Mama akamgeukia, maneno ya kumjibu yakiwa tayari mdomoni, uso mzima ukicheka. Hapo ndipo Gyeong-mi alipobonyeza.

Alipoisafisha filamu alijua kwamba maishani mwake hajapiga picha kama ile.

Mama aliomba nakala moja tu, ya kuweka kabatini juu ya nguo zake za kuzikiwa. "Nitakuletea," Gyeong-mi alisema. Lakini kwanza aliichapisha kubwa, urefu wa mlango, akaipeleka kwenye maonyesho katika ukumbi wa sanaa wa Ok Seo-jin.

Ok alikuwa mwanamke mwepesi wa kunusa soko linakoelekea. Wanunuzi wake wa zamani walitaka kitu cha kutundika sebuleni. Wa sasa walikuwa vijana waliotajirika upesi, wakinunua sanaa kama mtu anunuavyo kiwanja, ili wauze kikipanda.

"Mwalimu Pyo, kuna mtu anaitaka ile ya mama," alimwambia Gyeong-mi siku ya ufunguzi, akimwita kwa heshima na kwa ukoo wa baba yake. "Ila anaitaka iwe moja tu duniani."

"Sitachapisha nyingine. Nitatia saini."

"Saini! Filamu ikiwepo, nakala zipo. Watu hawa wamekwisha kuliwa huko nyuma. Anataka filamu ikatwe, aione kwa macho yake."

"Seo-jin, ile ni picha ya msiba ya mama yangu."

"Sasa unadhani kwa nini anaitaka?"

Gyeong-mi alikuwa anakaribia miaka sitini. Kati ya aliosoma nao, wengine walikuwa na majina makubwa, wengine waliacha kazi hii zamani. Alijiambia kwamba mama yupo na uso wake upo, atampiga nyingine Jumapili yoyote. Akashika mkasi mbele ya wageni, akaikata filamu vipande vipande. Wakampigia makofi. Aliona aibu, na chini ya aibu ile aliona raha, na raha ndiyo iliyokuja kumtesa baadaye.

Kabla hajapata hiyo Jumapili, mama alipigwa na kiharusi. Upande wa kushoto wa uso ulianguka, jicho likabaki wazi, mate yakawa yanamtoka. Jong-tae, mdogo wake wa kiume Gyeong-mi, akafunga duka na kumhamishia kwake.

Gyeong-mi alifika na kamera begini. Mama aliliona begi, akageukia ukutani.

"Sura hii? Usithubutu," alisema, maneno yakimburuzika. "Nipe ile ya dukani. Iko wapi?"

Gyeong-mi alikaa sakafuni kando ya godoro, akamweleza yote. Jong-tae alikuwa mlangoni na bakuli la uji.

Mama aliuliza akitazama ukuta: "Kwa hiyo niko nyumbani kwa nani?"

"Kwa tajiri mmoja, Mama. Anaipenda sana."

"Jina langu analijua?"

Jong-tae aliweka bakuli chini. "Dada, toka. Mama anataka kula."

Alirudi Seoul akamwomba Ok wamsihi mnunuzi, angalau awaazimishe picha siku ya msiba ikifika. Ok alipiga simu, akarudi amekunja uso. Picha haikuwa nyumbani kwa mtu yeyote. Ilikuwa ghalani, karibu na uwanja wa ndege wa nchi ya mbali, ndani ya sanduku ambalo halijafunguliwa tangu siku ya kununuliwa. Mwenyewe hakutaka liguswe, maana unyevu hushusha thamani.

Bi Tak alifariki mwanzoni mwa majira ya baridi. Katika ukumbi wa msiba hospitalini, Gyeong-mi alikuta fremu imezungushiwa maua meupe ya krisantemu. Jong-tae alikuwa amechana ukurasa wenye picha ile kutoka kitabu cha maonyesho akaukuza. Picha ilikuwa imetawanyika kwa kukuzwa, mama amekuwa vitone vya wino. Ukisogea kuinama, kicheko kinapotea, unabaki na madoa.

Ok alikuja, akainama vizuri, akatoa pole. Wakati wa kuaga alimvuta Gyeong-mi kando. "Mwalimu, samahani kusema hapa. Ukumbi huu, maua haya, ile picha iliyochakaa... Ukiupiga kama ulivyo, hiyo ni kazi kubwa. Watu wataisubiri."

"Nenda, Seo-jin."

"Fikiria tu."

Ok akaenda. Gyeong-mi aligeuka kurudi mahali pake kwenye mstari wa wafiwa, na alipoinua macho aliona mwanga wa taa ukiangukia vile vitone, bega la Jong-tae likikata ukingo wa fremu, viatu vya wageni vimepangwa mlangoni. Alirudi nyuma hatua moja ili vyote vienee. Mikononi hakuwa na kamera.

Jong-tae alikuwa anamtazama. "Hata leo, Dada?" aliuliza polepole, wageni wasisikie.

Majira yale yale picha ile ya ghalani ikauzwa mnadani Hong Kong kwa bei iliyoandikwa magazetini. Katika maelezo yake waliongeza kwamba mwanamke anayeonekana amekwisha kufariki.

Mwaka ulipotimia, Jong-tae alipanga meza ya ibada, wali, samaki na matunda, asiweke picha yoyote. Aliandika jina la mama kwenye ukanda wa karatasi akausimamisha katikati. Gyeong-mi aliruhusiwa kuinama, wa mwisho, baada ya watoto. Kisha Jong-tae akautoa ukanda ule nje, akauchoma kama desturi inavyotaka. Alimngoja dada yake avae viatu atoke, halafu akafunga mlango.