Firigisi ya Ngassa

Ngassa alipochukuliwa na timu ya kiwanda kimoja cha Mwanza, mwaka ule wa sabini na nne, Muhidini fundi cherehani alilia. Alisema ni vumbi. Mtaa mzima wa Kalangalala ulimwachia uongo wake, ingawa mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

Muhidini ndiye aliyekuwa kocha, na ukocha wake wote ulikuwa maneno mawili: "Mpeni Ngassa." Ngassa alisimama kushoto, karibu na goli la wapinzani, akapewa mpira, akafunga, watu wakaenda nyumbani. Kila wakishinda, Zuwena, mke wa Muhidini, alichinjiwa jogoo akampika, timu ikala sinia moja. Firigisi ilikuwa ya mfungaji. Katika nyumba za watu firigisi ni ya baba, lakini Muhidini aliikosa kwa moyo mkunjufu.

Sasa Ngassa hayupo, ila miguu ya wenzake haikuwa imepata habari. Mechi mbili mfululizo walipeleka mpira palepale kushoto, ukapokelewa na mbuzi. Mwenyekiti wa timu, Majaliwa, akasema wazi: wakifungwa na Chato, timu itapewa kocha mwingine. Muhidini alikosa raha. Bila vijana wale angebaki na suruali za watu tu.

Akawaza, akapata dawa. "Kuanzia leo," akatangaza, "firigisi ni ya atakayetoa pasi ya goli." Alijiona mjanja kweli.

Jumapili Chato wakaja na lori zima la mashabiki. Kipindi cha kwanza vijana wa Muhidini walipeana mpira kama wageni wanaosukumana mlangoni: pita wewe, hapana, tangulia wewe. Pantaleo alibaki yeye na kipa, akageuka nyuma kutafuta wa kumpasia. Chato walicheka mpaka wakakaa chini.

Wakati wa mapumziko Zuwena alimfuata mumewe. "Baba Mwahija, ukarimu umewafundisha, wameuweza. Kufunga je, tuazime mtu?"

Muhidini akawageukia wachezaji. "Firigisi ni ya wote. Na pale pa Ngassa si pa mtu. Aliye karibu akimbilie, afunge kwa chochote alichojaliwa."

"Firigisi moja, watu wote hawa?" Zuwena akadakia. "Utaikata kwa mkasi wako wa vitambaa?"

Mechi ilikuwa inakaribia kwisha bila goli Pantaleo aliposahau tena, akapeleka mpira kushoto. Safari hii walifika watatu kwa pamoja, wakagongana, wakaanguka. Mpira ukagonga goti la Bartholomeo, beki mnene ambaye hakuna aliyejua amefikaje huko, ukaingia golini. Bartholomeo mwenyewe ilibidi aambiwe kuwa amefunga.

Jioni Zuwena aliuosha mkasi, akaikata firigisi vipande vya kama punje ya mahindi. "Wabeja, mama," walishukuru mmoja mmoja.

Tangu Ngassa aondoke, hata walipokula ugali tu baada ya mazoezi, walikuwa wakiacha nafasi yake kwenye sinia bila kuambiana. Leo walikuwa wamebanana bega kwa bega, nafasi haipo. Muhidini aliliona lile duara lililofungwa, moyo ukamuuma, na furaha ikamjia papo hapo.

"Kocha, njoo," Bartholomeo alimwita, akijisogeza na mwili wake wote. "Ukichelewa na yako tunakula."

Muhidini akajipenyeza, akapangusa macho.

"Vumbi tena, Baba Mwahija?" aliuliza Zuwena.

"Pilipili."

Zuwena hakuwa ametia pilipili. Alimsogezea kipande chake cha firigisi.