Mstari Uliokwepa Kitanda

Jumanne saa nne asubuhi mtunza uwanja alikoroga chokaa kwenye ndoo, akaichuja kwa kipande cha chandarua kuukuu ili isizibe mashine, akaanza kupiga mstari wa pembeni kutoka upande wa goli la kusini. Alipokaribia kona ya kaskazini alipinda hatua tatu kuingia uwanjani, akanyooka hatua nne, akarudi kwenye njia yake. Hapo palikuwa na kitanda cha mama yake.

Mama alifariki miaka sita iliyopita katika chumba cha kupanga, miezi miwili baada ya mtaa wao kubomolewa kupisha uwanja. Alirudi mara tu nyasi zilipoota, yeye na chumba chake kilichobomolewa: ukuta unaofika kiunoni, kitanda, kiti kimoja, na mlango wenye alama ya X nyekundu. Majirani nao walirudi, ila wengi wao waliangukia chini ya majukwaa, ambako waliwasumbua wauza soda tu. Mama ndiye aliyeangukia kwenye kona. Hata alipokuwa hai, hakuwahi kuwa na bahati kwenye kugawiwa.

Wachezaji walizoea. Mpiga kona alibisha hodi, akakaribishwa, akapangusa viatu, akauweka mpira karibu na mvungu. Wageni waliopiga bila hodi, mpira wao ulipaa hadi barabarani, na mashabiki wakamtukana mwamuzi, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Jumatano alikuja katibu wa klabu. Aliutazama mstari kwa muda.

“Huu una mimba?”

“Unampisha mama, mheshimiwa.”

“Shikamoo, mama,” katibu alisema kuelekea kitandani, maana alikuwa amelelewa vizuri.

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo.” Kisha akamwambia mtunza uwanja, bila kushusha sauti, kwamba mkaguzi wa mashindano makubwa anafika Ijumaa. Akikuta mstari umepinda, mashindano yatahamia nchi nyingine, na kazi ya kutunza uwanja itahamia kwa mtu mwingine. “Mama yako ni mama yetu sote. Lakini nyoosha.”

“Mstari?”

“Chochote kilichopinda.”

Jioni ile mtunza uwanja alikaa kwenye kiti cha mama yake akamweleza. Mama hakubisha.

“Kuhama nahama,” alisema. “Nipeni karatasi tu. Iwe na jina langu, iseme hapa palikuwa kwangu. Mara ile walipobomoa walisema iko mezani kwa mkubwa, inangoja muhuri.”

Alhamisi asubuhi mtunza uwanja alilipeleka ombi ofisini. Katibu alilisikiliza hadi mwisho, akamkaribisha chai.

“Tukimwandikia mmoja, ndugu yangu, majukwaa yote yatasimama. Chini ya lile la mashariki peke yake wapo mia nne.” Alikuwa amewahesabu.

Mtunza uwanja aliimaliza chai, kwa kuwa si vizuri kuacha chai ya watu, akaenda kukoroga chokaa. Aliisukuma mashine taratibu kuliko siku zote, lakini uwanja una mwisho, akafika.

“Hawajaandika,” alisema.

“Nimekuona unavyotembea, nikajua.” Mama alijisogeza ukingoni mwa kitanda. “Mara ya kwanza waliniletea tingatinga. Safari hii wamemtuma niliyemzaa. Si haba, wanapunguza makelele.”

“Mama, nina watoto wanne.”

“Nawajua, wajukuu zangu hao. Piga mstari wako, chokaa inaganda.”

Akasukuma. Ukuta haukuzuia. Mama alinyanyua miguu, kama anavyofanya mtu anayepisha fagio, na mstari ukapita mvunguni, ukatokea upande wa pili ukiwa umenyooka hadi kwenye kibendera. Mtunza uwanja hakugeuka nyuma. Alipeleka mashine bombani akaiosha, akarudia kuiosha, ingawa ilikuwa imekwisha takata.

Mkaguzi alifika Ijumaa asubuhi na mapema. Alikuwa mtu makini, mpole, mwenye kofia. Alivuta mwenyewe utepe wa kupimia kutoka kusini, kwa sababu hakumwamini mtu, na alipofika kona ya kaskazini akakosa wa kumshikia ncha yake wakati yeye anarudi kusoma namba. Akamwomba mama.

Mama aliibana ncha kwa vidole viwili juu ya mstari, akiwa ameketi kitandani.

Mkaguzi alisoma mita mia moja na tano kamili. Akaandika kwenye fomu: kona ya kaskazini, hakuna kizuizi. Kisha akaenda kutazama vyumba vya kubadilishia nguo, na mama akaendelea kushika, maana hakuna aliyemwambia aachie.