Karatasi ya Kuanua Tanga

Siku ya kuanua tanga la mume wangu, shemeji yangu Onesphory alipitisha karatasi. "Andikeni majina na sahihi, tujue waliohudhuria." Nikasaini. Macho yamevimba kwa kulia, ningeanza kuuliza maswali?

Miezi miwili baadaye nikasikia anaomba mahakamani awe msimamizi wa mirathi, na dalali keshaanza kuleta wateja kwenye nyumba yetu ya Magomeni, niliyoichangia kwa kuuza viatu vya mitumba Mchikichini. Nikaweka pingamizi. Wakaniambia kesi itasikilizwa kwa mtandao, nisihangaike kufika. Nisihangaike! Mimi mwenye simu ya tochi.

Nikaenda kwa Jacqueline, mwenye steshenari Kariakoo. Akanikalisha kwenye kompyuta, kati ya mashine ya fotokopi na foleni ya watu wa picha za pasipoti. Kwenye skrini alikuwepo hakimu, na Onesphory kavaa tai, wakili pembeni yake. Pembeni yangu mtu alikuwa analamineti cheti.

Karatasi ikatokea. Juu ya majina yetu palikuwa na maneno ambayo siku ile hayakuwepo: sisi wanandugu tumemchagua Onesphory.

"Mama, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu mheshimiwa, lakini..."

"Asante. Inatosha."

Haikutosha hata kidogo. Nikaeleza yote: karatasi ilikuwa tupu, dalali, viatu, miaka kumi na tisa ya kujenga. Hakimu alikuwa anaandika, nikajua ananisikia. Jacqueline akanigusa bega.

"Mama, walishakuzima sauti. Tangu uliposema ni yako."

Onesphory alikuwa anacheka. Namchukia mtu yule, na ile kompyuta nayo naichukia. Pingamizi likatupwa pale pale.

Kesho yake uamuzi uliingia kwenye barua pepe ya Jacqueline, maana mimi sina. Akauchapa, akanisogezea daftari.

"Saini hapa mama, kwamba umepokea."

"Sisaini. Nisomee kwanza."

"Mama, kuna foleni."

"Isubiri. Yote, mpaka nukta ya mwisho."

Akasoma huku amenuna. Watu wakasonya, na mimi nikawasonya. Ukurasa wa nne, chini kabisa: asiyeridhika anaweza kukata rufaa ndani ya siku thelathini.

"Rudia hapo."

Akarudia. Nikachukua kalamu, nikapiga mstari kwenye daftari kuziba nafasi yote iliyobaki juu ya jina langu, ndipo nikasaini.