Moshi Kwenye Susu

Mwaka wa tatu huo Aijamal alikuwa kwenye nyumba ya wakwe zake, na hakuwahi hata mara moja kulitamka jina la shemeji yake. Mke aliyelelewa vizuri hataji jina la mama mkwe, wala la baba mkwe hata akiwa kaburini, wala la ndugu wa mume hata kama ni mdogo kwake. Shemeji huyo aliitwa Kubanych. Aijamal akamwita Kitindamimba, maisha yakaenda, na mumewe alikuwa Urusi akihangaikia riziki.

Basi baridi hiyo mafua yalikipiga kitongoji chao cha nje ya Bishkek nyumba hadi nyumba. Mama mkwe, Kalbubu, akamwagiza Kitindamimba adirashman kutoka sokoni, yale majani makavu yenye mbegu ambayo kila nyumba huyafukiza kufukuza maradhi na kijicho. Kijana akaitikia ndiyo mama, akasahau. Asubuhi moja Kalbubu alikuwa anashona kishikizo cha koti la kijana huyo, akakuta mfukoni kipakiti cha majani makavu. Akafurahi huyo! Kumbe mtoto ana masikio. Akayatia kwenye kikaango cha zamani, akayawasha, akazunguka na moshi chumba hadi chumba. Kwenye susu ya mjukuu wake Begimai, binti wa Aijamal wa miezi minane, akasimama kuliko kwingine kote, maana huyo ndiye aliyempenda kuliko wote.

Aijamal alikuwa nje akikung'uta mazulia kwenye theluji. Aliporudi ndani alimkuta bibi anatapika, moyo unamwenda mbio, na bado anadai ni presha tu. Begimai alikuwa amelegea kama nguo iliyotoka kufuliwa. Alimwita, alimpapasa, akamfinya hata mguu, jamani, mtoto hakulia.

Hospitali waliwapokea haraka. Daktari Elnura, mama wa makamo aliyeshughulikia waliokula sumu, akapima mkojo wa mtoto, kipimo kikatoka safi. Mtoto akaanza kukakamaa, na pumzi ikawa inakuja na kukatika. Daktari akauliza amekula nini, amemeza nini, kuna dawa gani nyumbani. Kalbubu akajibu kwa kiapo kwamba mtoto hajaonja kitu zaidi ya ziwa la mama yake. Wala hakusema uongo. Nani akiulizwa habari za sumu atafikiria moshi wa baraka? Madaktari wengine wakaona huo ni ugonjwa wa utando wa ubongo, wakaanza kuandaa sindano ya mgongoni.

Elnura hakuridhika, maana bibi naye alikuwa ameugua saa ileile. Akatoka mpaka ukumbini walikokaa wote, Kitindamimba naye amesimama karibu na makoti.

"Kipimo hiki kinajua dawa za kulevya za zamani," akasema. "Hizi za sasa zinapikwa maabara, mapishi yanabadilishwa kila mara, halafu zinapuliziwa kwenye majani yoyote. Wewe unaona majani tu. Pumzi ya mtoto inakatika, mama zangu, na mimi sitaki kubahatisha. Anayejua kitu aseme."

Majani! Aijamal akashtuka. Adirashman ikiungua hutatarika, mbegu zake hupasuka mpaka unazisikia uani. Asubuhi ile hakusikia kitu, na alipoingia ndani palinuka kama ndoo ya plastiki iliyoungua. Akayasema hayo yote, macho chini, kwa sauti ya mke wa watu. Kalbubu akamkata palepale. Asimwingize mwanawe kwenye maneno, akasema. Mwanawe aliagizwa kitu na kitu akaleta.

Lakini Aijamal alikuwa amekwisha uona uso wa yule kijana. Ulikuwa mweupe.

"Kitindamimba, yale yalikuwa majani gani?"

Kijana akayageukia makoti. Mlango wa ndani ukafunguliwa, muuguzi akamwita daktari kwa mkono, mbio. Heshima si utumwa, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aijamal akainua uso, akamtazama shemeji yake machoni.

"Kubanych," akasema. "Kubanych mwana wa Mambet. Mama yako amemfukiza mwanangu na kitu chako. Sema."

Majina mawili kwa pumzi moja, la shemeji na la mkwe aliye kaburini. Kalbubu akajishika kifua. Na kijana, kama aliyekatwa kamba, akasema. Aliagiza kipakiti kwa simu, akatumiwa picha ya mahali kilipofichwa, akakifukua chini ya bomba nyuma ya magereji. Bangi ya maabara. Nusu yake ilikuwa kwenye kiatu chake cha zamani, nyumbani.

Elnura, aliyesikia yote akiwa mlangoni, akaamuru ile sindano ya mgongoni iwekwe kando. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo hakuna, akawaambia waziwazi. Kazi ni kumsaidia mtoto apumue kwa mashine na kumzuilia degedege mpaka mwili uitoe wenyewe. Bibi naye alale, moyo wake uangaliwe. Halafu akataka hayo masalio na majivu yapelekwe maabara kubwa, kwani waliofukua vipakiti kama hicho kwenye mapipa na mabomba mengine ni watoto wa watu.

Kubanych akanong'ona kwamba polisi watamchukua.

"Wakikuchukua nitakuletea chakula," Aijamal akasema. "Nenda kalete."

Akaenda, akaleta.

Usiku ule Aijamal hakuketi. Asubuhi wakamtoa Begimai kwenye mashine, akalia kwa hasira akitaka ziwa, na mama yake akalia zaidi yake. Akambeba mpaka kwenye kitanda cha Kalbubu, amejiandaa kwa matusi ya majina yale mawili. Kubanych alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, mimi nimeacha," akasema. "Kuanzia leo."

"Tutaona, Kubanych. Na jina hilo nitaliita kila asubuhi mbele ya mama yako, mpaka nitakapoamini."

Kijana akamgeukia mama yake, akingoja amtetee. Kalbubu alikuwa ameshika mguu wa mjukuu wake, hakuuachia.

"Umeitwa," akamwambia. "Itika."

Kubanych akaitika.